Kuandika michezo ya mezani ya uigizaji ukiwa na ajira: mwongozo kamili kwa aliyeko Unguja au Pemba

Mchezo wa mezani wa uigizaji, kwa asiyewahi kuuona, ni hivi: watu wanne au watano wamekaa pamoja. Mmoja ni mwendeshaji, anasimulia kisa na kusema dunia inafanya nini. Waliobaki kila mmoja ameshika mhusika wake. Pale ambapo haijulikani kama mhusika ataruka ukuta au ataanguka, dadu hutupwa. Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, ndio ulioanzisha biashara hii, na leo ipo michezo ya kutisha, ya anga za juu, ya upelelezi, hata ya mapenzi.

Nyuma ya meza hiyo kuna maandishi mengi mno: kanuni, maelezo ya miji, viumbe, visa vya kuendeshwa usiku mmoja au mwaka mzima. Wachapishaji huwagaia waandishi wa nje vipande, huyu sura hii, yule ile, na humlipa kila mmoja kwa idadi ya maneno. Ndiyo maana kazi hii inaweza kufanywa na mtu aliyeko Fuoni au Wete. Na ndiyo maana wengi wanaoifanya, huko huko Marekani na Uingereza, wana ajira nyengine ya mchana. Malipo ya neno ni madogo na hayaji kwa wakati.

Nimeuandika mwongozo huu kwa mwalimu wa skuli, karani wa afisini, muuguzi, mpokea wageni wa hoteli, mtu yeyote mwenye mshahara anaotaka kuendelea kuupata. Msimamo wangu nauweka mwanzo kabisa: wanaoshindwa kuzichanganya kazi hizi mbili, mara nyingi hawakukosa kipaji, na wala hawakukosa muda. Walikubali kazi kwa kipimo cha wiki yao nzuri. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

Hatua ya kwanza: ijue wiki yako mbaya

Kabla hujamwandikia mhariri yeyote, andika kwa mwezi mmoja na uhesabu. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, umekaa dakika ngapi, umetoa maneno mangapi. Usichague mwezi mtulivu. Mwezi wenye harusi ya binamu, mtoto mwenye homa na umeme uliokatika ndio mwezi wa kweli, na ndio utakaokukuta ukiwa na mkataba mkononi.

Mwisho wa mwezi una wiki nne. Tuseme zimetoa maneno 2,400, 1,900, 1,500 na 700. Karibu kila mtu hapo hutafuta wastani, akapata 1,600 na ushei, akaahidi kwa hesabu hiyo. Wewe chukua 700.

Sasa mhariri anakuuliza kama unaweza maneno 8,000 kwa wiki 10. Kwa wastani ni mteremko, wiki tano umeshamaliza. Kwa hesabu ya wiki mbaya, kwanza toa wiki tatu za kuujaribu mchezo na kurekebisha. Zinabaki saba. Saba mara 700 ni 4,900. Jibu lako ni maneno 5,000. Mhariri hatachukia. Ana waandishi kadhaa katika kitabu kimoja, na anaweza kukigawa kipande kabla kazi haijaanza. Asichoweza ni kukigawa siku tatu kabla ya kitabu kwenda kwa mpangaji wa kurasa.

Utaniambia unajipunja, wiki nyingi utapita 700. Ni kweli, na hizo wiki nyingi ndizo zitakazokulipia ile moja ambayo hutagusa kompyuta kabisa kwa sababu kuna msiba na wewe ndiye unayeshughulikia turubai na viti.

Hatua ya pili: zipangie saa zako pahala pake

Mwenye kazi ya afisini anayetakiwa kuwa mezani saa moja na nusu asubuhi ana vipande vitatu vya siku: baada ya sala ya alfajiri, alasiri akirudi, na baada ya isha. Ushauri wangu ni kuandika mapya alfajiri na kuziachia saa za usiku kazi nyepesi. Alasiri ipe familia na mwili wako. Kichwa kilichotoka kwenye daladala la saa kumi hakiandiki kitu cha maana, kinajidanganya tu kwa kufungua faili.

Kati ya alfajiri na kuoga unaweza kupata dakika 50 hivi. Hazitoshi kama utazianza kwa kujiuliza "nilikuwa wapi?" Kwa hiyo usiku, kabla ya kulala, andika mstari mmoja juu ya karatasi na uiweke kwenye kibodi. Usiandike "endelea na sura ya pili". Andika swali lenye jibu: "Mlinzi wa chumba cha tatu anataka nini, na atauza siri kwa kitu gani?" Alfajiri hukai kufikiri uanzie wapi. Unajibu swali. Maneno 250 yakitoka, inatosha, hata kama saa bado inaruhusu.

Usiku ndio wakati wa majedwali, takwimu za viumbe, kuhakikisha jina la kijiji limeandikwa namna moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na kujibu barua pepe. Kazi hizi zinahitaji macho, hazihitaji ubunifu. Ukizifanya alfajiri umechoma saa zako za thamani.

Mwenye kazi ya hoteli ana kalenda tofauti kabisa, na kwa kweli ana bahati. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi, na tena mwisho wa mwaka hadi mwezi wa pili, wageni ni wengi na zamu hazina huruma. Masika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, hoteli nyingi za pwani hupunguza kazi na nyengine hufunga. Basi kazi kubwa iombee tarehe ya kukabidhi ya mwisho wa mwezi wa tano, na mwezi wa nane usichukue chochote zaidi ya maneno 1,000.

Ramadhani nayo ina hesabu yake. Inarudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu ya mwaka jana. Fungua kalenda kabla ya kusaini. Wapo wanaoandika vizuri baina ya tarawehe na daku. Mimi sishauri kutunga mapya mwezi huo. Uweke uwe mwezi wa kusahihisha, na wiki ya Sikukuu ihesabu kuwa ni sifuri.

Hatua ya tatu: mwajiri

Soma mkataba wako wa ajira kabla ya kusoma wa mchapishaji. Tafuta mambo mawili: kama unatakiwa kuomba ruhusa kufanya kazi nyengine ya kulipwa, na kama chochote ulichokitengeneza kwa vifaa au muda wa mwajiri ni mali yake. Watumishi wa umma wana kanuni zao, na njia ya salama ni barua fupi kwa mkuu wako ukieleza kwamba unaandika hadithi za michezo nje ya saa za kazi. Weka nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Kompyuta ya afisini isiguse kazi hii. Wala printa. Wala barua pepe ya afisini, hata kwa kutuma faili moja. Wino ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba mchapishaji atakutaka usaini kuwa haki za ulichokiandika ni zako kumpa, na ukiwa umekiandika kwenye mashine ya mtu mwengine, sentensi hiyo inakuwa na mashaka.

Na kuna usiri. Wachapishaji wengi hukufunga usitaje kazi mpaka waitangaze wenyewe. Hili ni gumu kwa mtu wa mjini anayekaa barazani kila jioni. Wakikuuliza unafanya nini siku hizi, sema unaandika. Waking'ang'ania, sema unamwandikia mtu Ulaya. Watachoka.

Hatua ya nne: pata kitu cha kuonyesha

Hakuna mhariri atakayekupa kazi kwa kumwambia unapenda michezo. Anataka kusoma kisa kifupi ulichokimaliza. Andika kimoja, maneno 1,500 hadi 2,000, kinachoweza kuchezwa kwa saa tatu, ukitoe hadharani.

Kisheria njia ni nyepesi kuliko zamani. Januari 2023, baada ya ugomvi mkubwa kuhusu leseni, Wizards of the Coast waliziweka kanuni za msingi za mchezo wao wa Dungeons & Dragons, toleo la 5.1 la waraka wao wa marejeo, chini ya leseni ya Creative Commons. Unaruhusiwa kuzitumia na kuuza ulichokijenga juu yake, mradi uandike kauli ya kuwatambua kama leseni inavyotaka. Dunia zao za kubuni, wahusika wao na baadhi ya viumbe wao mashuhuri havimo. Hivyo usiviguse.

Pa kuuzia papo. Tovuti ya DriveThruRPG humwachia mtoaji asilimia 70 ya mauzo akiuza hapo tu, na 65 akiuza na kwengine. DMs Guild inakuruhusu kutumia dunia za kubuni za Wizards wenyewe, lakini unabakiwa na asilimia 50, na kazi hiyo huwezi kuihamishia kwengine. Kwenye itch.io unachagua mwenyewe jukwaa lichukue kiasi gani. Usipogusa kitu, ni asilimia 10. Kwa kisa cha mwanzo ningekwenda itch.io, nikakitoa kwa bei ya anayetaka alipe. Hutapata fedha ya maana. Utapata kiungo cha kutia kwenye barua.

Barua yenyewe iwe fupi kuliko unavyodhani: wewe ni nani kwa sentensi moja, kiungo cha kisa, mchezo wao upi umeucheza, na unaweza maneno mangapi kwa mwezi. Hiyo namba ya mwisho watu huisahau, nayo ndiyo mhariri anayoitafuta. Angalia pia matangazo ya wachapishaji wanaotafuta waandishi, na uyasome mpaka mwisho. Wengi sasa wanakataza maandishi ya akili mnemba, na kifungu hicho kimo hata kwenye mikataba.

Hatua ya tano: waandikie wasichoweza kukipata kwengine

Kwa mwenye saa chache hii si anasa. Ukiandika msitu wa Ulaya na kasri la Ulaya, unashindana na maelfu waliozaliwa karibu na msitu huo, na wewe unatumia nusu ya alfajiri yako kutafuta majina ya miti. Ukiandika unachokijua, utafiti umeshafanywa na maisha yako.

Lakini kuna mtego. Mwandishi wa Zanzibar akiambiwa "andika kwenu" huanza kuandika kama broshua: kisiwa chenye harufu ya viungo, masultani, milango iliyonakshiwa. Mwendeshaji hawezi kukichezesha hicho. Mezani kinachotakiwa ni watu wenye haja na saa inayokwenda.

Chukua karafuu. Serikali, kupitia shirika lake la biashara, ZSTC, ndiyo mnunuzi wake pekee, na kwa sababu hiyo magendo ya kuvusha karafuu usiku kwenda Kenya yana historia ndefu Pemba. Hapo pana kisa tayari, ila usianze na majambazi baharini. Anza uwanjani kwa mtu, alasiri, na mpe mwendeshaji kipande cha kusoma kwa sauti:

"Majamvi sita yametandikwa, karafuu juu yake zimeanza kugeuka hudhurungi. Bibi mmoja anazipitishia mguu, mstari kwa mstari, zipate jua upande wa pili. Nyuma ya minazi wingu limesimama. Anakutazameni. 'Wanangu, mna mikono?'"

Kisha kanuni. Mwendeshaji anatupa dadu ya pande sita kwa siri. Namba itakayotoka mara dakika tano ndiyo muda uliobaki kabla ya mvua. Mwizi mnayemfukuza amepita hapa na magunia, anakwenda ufukweni. Kusaidia kukunja majamvi kunakula dakika kumi. Mkimkimbilia mwizi, karafuu zinalowa, mavuno ya nyumba yanaharibika, na kijiji kizima kitajua ni nani aliyepita bila kusimama. Mkisaidia, mjukuu wa bibi anakuonyesheni njia ya mkato ya mikokoni, na mnafika kabla mashua haijaelea.

Hayo hayafiki maneno 200. Hakuna jini wala sultani. Lakini wachezaji wa mji wowote duniani wataanza kubishana mezani, na ubishi huo ndio mhariri anaoununua.

Ukitaka ya kale, yapo kila upande: magofu ya Pujini na habari za Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba, msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, Dunga ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, na ngoma zake. Badilisha majina ukitunga dunia ya kubuni. Kwa Popobawa, kiumbe anayesemwa kuvamia watu usiku, nasita. Hofu ya mwaka 1995 iliwapata watu walio hai, wengine jirani zetu, na kumgeuza kiumbe wa kupigwa panga kwa alama za ushindi kunanikera. Mwengine anaweza kuona vyengine.

Hatua ya sita: mkataba na fedha

Bei zinazoonekana sana ni baina ya senti 3 na senti 10 za dola kwa neno. Wachapishaji wadogo wapo chini ya hapo, na wachache wanapita. Maneno 5,000 kwa senti 6 ni dola 300. Sasa jumlisha saa zote: kupanga, kuandika, kujaribu, kurekebisha, barua pepe. Zikifika 45, umepata chini kidogo ya dola 7 kwa saa. Fanya hesabu hii kila kazi ikiisha, kwa maana bei ya neno ikiwa kubwa na mhariri akirudisha rasimu mara nne, unaweza kuwa umepata kidogo kuliko kwa mwenye bei ndogo anayejua anachotaka.

Kwenye mkataba, vipengele vya kusoma mara mbili ni hivi. Kwanza, unalipwa lini: baada ya rasimu kukubaliwa, au baada ya kitabu kutoka? Kutoka kwa kitabu kunaweza kuchukua mwaka. Ukiona "baada ya kuchapishwa", omba sehemu itangulie wakati wa kukubaliwa. Pili, haki. Kazi nyingi za aina hii ni za kuuza moja kwa moja: ukishalipwa, maandishi ni yao milele, hutapata asilimia ya mauzo. Si dhulma, ndivyo sekta ilivyo, ila usiwape dunia yako ya kubuni unayoipenda kuliko zote kwa senti 4. Hiyo iweke kwa ajili ya kitabu chako mwenyewe. Tatu, kazi ikivunjwa katikati kwa sababu zao, unalipwa kiasi gani? Nne, jina lako litaandikwa wapi na kwa namna gani.

Njia ya kulipwa iulize kabla ya kusaini, maana hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imekuwa ya kulipia tu, si ya kupokelea, na majukwaa mengi ya michezo yamezoea PayPal. Jaribu njia yako kwa malipo madogo kwanza, iwe ni Payoneer au benki moja kwa moja. Kwa benki, benki za katikati hukata ada zao njiani na dola 60 inaweza kufika imepungua sana, kwa hiyo omba kazi ndogo mbili tatu zilipwe pamoja, na ada ya kutuma ibebwe na mtumaji.

Mchapishaji wa Marekani atakutumia fomu ya W-8BEN. Usiogope, ni ya kusema kwamba wewe si Mmarekani. Malipo ya kazi uliyoifanya ukiwa hapa kwa kawaida hayakatwi kodi ya kule. Mrabaha wa mauzo ni jambo jengine, unaweza kukatwa asilimia 30, kwa sababu Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani. Huku nyumbani kodi ya mapato ni suala la Muungano na inashughulikiwa na TRA. Nenda ukaulize kabla fedha hazijawa nyingi, ukiwa na daftari lako la malipo mkononi.

Hatua ya saba: mhariri na saa zake

Saa tatu asubuhi ya Seattle ni saa mbili usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa moja usiku wakati wa kiangazi chao. Kikao cha London kinaangukia mchana wako wa kazini. Sema mapema kwamba kabla ya saa kumi na mbili jioni hupatikani, na ukiandika saa, ziandike kwa mfumo wa saa 24 pamoja na jina la mji: "20:00 Dar es Salaam". Ukimwandikia "saa mbili" kwa mazoea yetu, mmoja wenu atakaa peke yake kwenye kikao. Tarehe nazo andika mwezi kwa herufi. Mmarekani husoma 03/04 kuwa ni tarehe nne ya mwezi wa tatu.

Tofauti hiyo ina faida yake. "Mwisho wa Ijumaa" kwa mhariri wa pwani ya magharibi ya Marekani ni Jumamosi saa tano asubuhi kwako, au saa nne majira ya kiangazi chao. Alfajiri ya Jumamosi yote ni yako. Usimwambie.

Ukichelewa, na utachelewa siku moja, sema mara tu unapojua, si siku yenyewe. Usieleze habari za mgonjwa na umeme kwa kurasa mbili. Mhariri anataka namba na chaguo:

"Rasimu ina maneno 3,100 kati ya 5,000. Sitaimaliza tarehe 14. Naweza kukabidhi yote tarehe 21, au tarehe 14 nikakupa vyumba vinne vya mwanzo vikiwa kamili, na vitatu vifuate. Lipi linakufaa?"

Barua kama hiyo ikienda wiki mbili kabla, hupotezi kazi. Kinachokasirisha ni kimya.

Umeme na nakala

Visiwa vyetu vinapata umeme kwa nyaya zilizopita chini ya bahari, Unguja na Pemba, na waliokuwa Unguja kuanzia Disemba 2009 wanakumbuka kiza cha miezi mitatu. Siku hizi mikato ni mifupi, lakini hukutana na tarehe ya kukabidhi kwa makusudi, nahisi. Laptopu yenye betri nzima, laini mbili za mitandao tofauti, nakala ya faili kwenye flashi na nyengine mtandaoni kila ukimaliza kukaa. Tia umeme wa akiba kwenye mita ya Tukuza wiki ya mwisho. Basi.

Hatua ya nane: jaribu kwa watu

Kisa ambacho hakijachezwa hakijamalizika. Huhitaji wataalamu: wanne wanaopenda hadithi wanatosha, na ambaye hajawahi kucheza ni bora zaidi, kwa kuwa atauliza swali ambalo mzoefu angelipita. Watu wetu waliokulia kwenye bao na karata wanashika kanuni haraka kuliko unavyotarajia. Chezesha kwa Kiswahili hata kama umeandika kwa Kiingereza. Weka chai na vitafunio. Usiwaeleze kitu ambacho hakimo kwenye karatasi. Ukijikuta unaeleza, pale ndipo maandishi yana pengo, tia alama. Kabla ya kuanza waulize yapi hawataki yaguswe mezani, kwani mada za majini na uchawi kwa wengine si mchezo, na ni haki yao.

Nyumbani

Wakubwa watauliza. Ni bora jibu lako liwe tayari.

"Mwanangu, hiyo kompyuta alfajiri yote inakupa nini?"

"Naandika hadithi, mama. Nalipwa kwa neno."

"Neno moja shilingi ngapi?"

"Kama 150."

"Wewe kwa ulivyo na maneno, tungekuwa na ghorofa."

Mweleze ukweli, pamoja na udogo wa malipo. Mke au mume mwonyeshe daftari la saa, na mkubaliane siku ambayo hakuna kuandika kabisa. Kwa wengi ni Ijumaa. Kipato hiki kikiwa cha siri nyumbani, kila dakika ya kompyuta inaonekana ni mchezo kweli. Kipe kazi inayojulikana, ada ya skuli ya mtoto mmoja au bili fulani, na utaona jinsi watoto wanavyofundishwa kunyamaza saa kumi na moja alfajiri.

Lini upunguze ajira

Si mapema. Kipimo changu ni miezi 12 mfululizo ambayo fedha ulizozipokea, si ulizoahidiwa, zimelingana na mshahara unaobaki mkononi. Ongeza juu yake mchango wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na matibabu, ambavyo sasa mwajiri anakusaidia na ukiondoka utavibeba mwenyewe. ZSSF wana mpango wa hiari kwa waliojiajiri, nenda ukaulize masharti. Waandishi wachache sana wa michezo hii wanafika hapo, popote walipo duniani, na wanaofika mara nyingi wanaandika na vitu vyengine.

Lililo karibu zaidi ni likizo ya mwaka. Mkataba ukishasainiwa, hesabu tarehe, kisha omba siku tano afisini ziangukie wiki ya kurekebisha baada ya majaribio, wakati maswali ya wachezaji bado yamo kichwani. Ziombe mapema, kabla wenzako wa zamu hawajazichukua zile zinazopakana na Sikukuu.